Krepu za Nelly na Kikaango cha Dhahabu

Kila asubuhi Apolonia aliwasha mkaa, akapika uji, akamwita binti yake Nelly aje kunywa. Zamani Nelly alikuja mbio. Sasa alikuja polepole, akakaa kwenye kigoda na kuutazama uji mpaka ukapoa.

"Kunywa, mwanangu."

"Sitaki, mama."

"Vijiko vitatu tu."

Nelly alishika kijiko. Mkono ulitetemeka, uji ukamwagikia sketi ya shule. Akaanza kulia.

Nelly alikuwa na miaka minane. Waliishi nje kidogo ya Ushirombo, karibu na machimbo madogo ambako baba yake, Magesa, alichimba dhahabu. Kwa miezi mitatu mtoto huyu hakula vizuri. Fizi zilimuuma. Usingizi haukuja. Mwandiko wake uliharibika, mwalimu akaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: "Andika vizuri!" Magesa alimgombeza kwa ajili ya daftari hilo. Apolonia alimpa dawa ya minyoo. Alimpeleka zahanati, wakapima malaria, hawakuiona. Aliomba kanisani mpaka maneno yakamwishia.

Siku moja Nelly alisema, "Mama, nataka zile chapati za Mama Benedict. Zile nyembamba, tamu. Tulizokula siku ya komunyo."

Mtoto ametaka chakula!

Apolonia alikimbia dukani kununua unga wa ngano, mayai na sukari. Alichemsha maziwa. Yalipotokota, akamimina unga na kuusonga kwa mwiko, kwa nguvu, kama alivyofundishwa na mama yake kusonga ugali. Ukawa mabonge. Akavunja mayai humo, yakaiva papo hapo. Akaongeza maji, akamimina kwenye kikaango. Chapati ikanata, ikachanika, ikaungua. Ya pili vilevile.

Nelly aliitazama sahani. Akageukia ukutani.

"Basi, mama. Usihangaike."

Maneno hayo yalimuuma Apolonia kuliko kilio. Alijifunika kanga usoni. Aliwajua watoto wengine wa pale kijijini waliokonda hivi. Wawili kati yao hawakuwepo tena.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Scolastika, ambaye wote walimwita Mama Benedict. Zamani Scolastika alikuwa mpishi kwenye kambi ya wachoronga miamba, watu wa kutoboa mawe kwa mashine, huko Geita. Mzee mmoja Mfaransa alimfundisha kupika chapati hizo. Siku hizi alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Apolonia alimsimulia yote.

"Uliweka unga kwenye maziwa ya moto?" Scolastika alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Nelly! Umesonga ugali wa ngano!"

"Usinicheke, dada. Mtoto hali."

Scolastika aliacha kucheka. "Twende kwako. Beba mayai hayo mawili ya kuku wangu."

Walipofika, Scolastika alimketisha Nelly karibu ili aone.

"Sisi tunasema chapati za maji. Wafaransa wana zao, nyembamba zaidi, wanaziita krepu. Moto subiri kwanza. Weka kikombe kimoja cha unga kwenye bakuli. Chumvi kidogo sana. Sukari vijiko viwili. Sasa chimba shimo katikati."

"Kama duara la baba," Nelly alisema kwa sauti ndogo. Duara ni shimo la wachimbaji.

"Hasa! Tena duara hili lina mali. Vunja mayai humo ndani. Koroga taratibu kutoka katikati. Sasa maziwa, kikombe kimoja, yawe ya baridi. Kidogo kidogo, mama, usimwage! Mabonge yakiisha, ongeza maji nusu kikombe na siagi iliyoyeyuka, kijiko kimoja."

Rojo ilikuwa laini, nyepesi kuliko uji wa mgonjwa.

"Funika. Iache nusu saa, unga unywe maziwa. Ukiharakisha, zitakuwa ngumu."

Walingoja. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Nelly hakwenda kulala. Alikaa akilinda bakuli.

"Haya," alisema Scolastika. "Kikaango kipate moto, ukipanguse kwa mafuta kidogo. Utamimina upawa mmoja na kukiinamisha huku na huku mpaka rojo ienee. Kingo zikijiinua, geuza. Lete kikaango."

Apolonia alikileta. Scolastika alikigeuza kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na madoa meupe yanayong'aa kama bati.

"Mama Nelly, kikaango hiki kinafanya kazi gani nyingine?"

Apolonia alisita. Mambo ya dhahabu hayasemwi kwa jirani. Lakini alimtazama mwanawe.

"Baba Nelly huchomea dhahabu. Hapa jikoni, mlango ukiwa umefungwa, watu wasione."

"Dhahabu iliyonaswa kwa zebaki?"

"Ndiyo. Lakini nakisugua kila mara! Kwa majivu na mchanga, mpaka kinang'aa."

Scolastika alikiweka chini, mbali na moto.

"Sikiliza, mdogo wangu. Zebaki haitoki kwa majivu. Na ikichomwa inakuwa moshi ambao mara nyingi huuoni. Unauvuta. Unakaa ukutani, kwenye nguo, kwenye chakula. Unaharibu mishipa ya fahamu, na mtoto huumia upesi kuliko mkubwa. Mikono hutetemeka. Fizi huuma. Hamu ya chakula huisha. Mimi si daktari, lakini kesho asubuhi mpeleke hospitali. Waambie zebaki. Usipowaambia, watatafuta malaria tena."

Apolonia alikaa chini kwenye udongo.

"Nimempikia humu mwaka mzima," alisema. "Kila siku. Nilikuwa nambembeleza ale."

Scolastika alimshika mkono.

Magesa aliporudi, alikuta bakuli limefunikwa na jiko limezimwa. Alisikiliza, kisha akatoa kicheko kikavu.

"Mama Benedict, ulianza na mapishi ya Wazungu, sasa umekuwa daktari? Baba yangu alichoma dhahabu maisha yake yote."

"Na alikufa vipi, shemeji?"

Magesa alichukua daftari la Nelly.

"Mtoto huyu ni mvivu tu. Nelly, njoo. Tazama jina linavyoandikwa."

Akashika penseli. Akaandika N. Akaandika E. Herufi zilipinda kama njia ya siafu. Alibana penseli zaidi, akaandika tena chini yake. Zikapinda vilevile. Mwandiko wa baba na wa mtoto ulikuwa mmoja.

Magesa alitazama ukurasa ule. Kisha akalifunga daftari, akaificha mikono yake kwapani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Hospitali waliwapima wote watatu. Daktari hakuwadanganya. Alisema Nelly ameumia kwa zebaki, na kupona kutachukua miezi. Labda mkono hautakuwa kama zamani. "La kwanza kabisa," alisema, "asivute tena moshi ule."

Walihamia kwa shangazi yake Nelly huko Nyasubi, Kahama, nyumba yao ikisafishwa. Kuta na sakafu zilifutwa kwa maji, vumbi kavu halikufagiwa. Kikaango hawakukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala hawakumpa mtu. Walikifunga kwenye mifuko miwili, Scolastika akakipeleka kwa afisa afya. Magesa na wenzake wakaanza kutumia chombo kinachofungwa, kinachonasa moshi wa zebaki. Wanachomea nje, mbali na nyumba na watoto, na nguo za kazi haziingii ndani. Wengine kule machimboni bado wanachoma majumbani. Magesa huwaonyesha daftari. Wengi hucheka.

Miezi mitano ilipita. Ilikuwa mizito. Zilikuwepo siku Apolonia alihesabu mbavu za mwanawe akimwogesha, akalia bila sauti.

Jumapili moja, wakiwa wamerudi nyumbani, alichimba shimo katikati ya unga. Mayai, maziwa baridi, siagi. Akafunika, akangoja nusu saa. Kikaango kilikuwa kipya, na hakikuwa na kazi nyingine.

"Nimimine mimi," alisema Nelly.

Mkono wake bado ulitetemeka. Krepu ya kwanza ilitoka na pembe tatu, nusu imekunjika. Magesa akaila mwenyewe. "Wabeja, mwanangu," alisema, yaani asante.

Ya pili ilikuwa mviringo. Apolonia aliinyunyizia sukari na maji ya limau, akaikunja, akaiweka kwenye sahani. Hakusema "kula." Hakusema "vijiko vitatu." Aligeukia jiko ili asimtazame.

Alikipangusa kikaango kwa mafuta.

"Mama," alisema Nelly, mdomo umejaa. "Ipo nyingine?"