Ukurasa wa Kumi na Mbili wa Fahali wa Gando

"Mchezo huu nimeutunga mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho! Hapana aliyenisaidia hata nukta."

Hayo aliyasema Msellem barazani kwao, Chake Chake, Ijumaa baada ya sala. Aliziinua karatasi zake juu kama mtu aliyeshinda kombe. Wenzake walimsifu. Naye alijisikia mrefu.

Mchezo wenyewe uliitwa Fahali wa Gando. Unachezwa mezani, kwa mdomo na dadu. Mmoja huwa msimulizi. Wengine huchagua wahusika, hurusha dadu, na kusema wanafanya nini. Fahali amekata kamba siku ya mchezo wa ng'ombe kijijini Gando, na kijiji kizima kinamtafuta. Yumo Bi Kiroboto, mshona nguo anayeona mbali kuliko kunguru. Yumo Jaribu Mguu Mmoja. Huyo hawezi kukimbia, lakini humzungusha fahali mpaka fahali akataka kuomba radhi.

Mzuri? Mzuri kweli. Ila Msellem aliandika neno moja tu humo: jina lake.

Mwenye mchezo alikuwa Mwanapili, binti wa ami yake, nyumba ya pili. Aliuandika misimu miwili ya karafuu, huku akilinda karafuu zilizoanikwa majamvini. Mkono mmoja ulishika kalamu, mkono wa pili ulifukuza kuku.

Zamani vijana walikuwa wakija kwa Msellem kusikiliza vichekesho vyake. Sasa wote walihamia kwa Mwanapili. Hata Bi Tatu, mama yake Msellem, kila akipakua chakula alisema: "Mwanapili kaandika hiki, Mwanapili kasema kile." Msellem aliisukuma sahani kando. Akajiuliza: mimi nimekuwa kivuli tangu lini?

Basi Jumatano, siku mbili kabla ya majigambo yale ya barazani, wingu lilitanda. Mwanapili alikimbilia kuanua karafuu. Faili lake lenye mchezo alilisahau ukumbini kwao. Msellem alilichukua, akaenda mbio dukani kwa Duni, mtoa fotokopi. Alilirudisha kabla gunia halijajaa. Kwenye nakala yake alilifuta jina la Mwanapili, akaandika lake.

Jumamosi asubuhi aliipeleka nakala ile maktaba. Mkutubi, Bi Mwatum, alikuwa akitafuta kazi moja ya kijana wa Pemba. Kazi hiyo ingechapishwa na kugawiwa skuli, na jina la mtungaji juu ya jalada. Mwanapili alikuwa akiingoja siku hiyo miaka miwili.

Bi Mwatum alikuwa bado anasoma alipoingia Mwanapili na faili lake.

"Assalaam alaikum." Macho yake yakaanguka mezani. "Eh! Bi Kiroboto wangu anafanya nini hapa?"

"Wako?" Msellem alicheka. "Kwani ana kitambulisho chenye jina lako?"

"Msellem, usinitanie kwa hili."

"Kaeni nyote wawili," alisema Bi Mwatum. "Msellem, wewe mtungaji. Jaribu akipata tatu kwenye dadu, inakuwaje?"

Msellem alifunua karatasi. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwapo. Wa kumi na tatu ulikuwapo. Wa kumi na mbili haukuwapo. Akazifunua tena karatasi zote.

"Anakaa chini mbele ya fahali, anamwamkia," Mwanapili alijibu bila kutazama popote. "Fahali anashangaa, anasahau hasira. Hata mimi ukurasa huo umenipotea tangu Jumatano. Nikawatukana kuku wa watu bure."

Bi Mwatum alimtazama Msellem. Msellem aliutazama ukuta.

"Sawa, nimenakili," alisema mwishowe. "Lakini ukurasa huo siujui, waulizeni kuku. Na yeye je? Kanuni za dadu hizi kazitoa mtandaoni, za Wazungu! Mwizi kaibiwa, hapo pana kesi gani?"

Mwanapili alifungua ukurasa wa mwisho wa faili lake, akaupeleka mbele ya Bi Mwatum.

"Soma," Bi Mwatum alimwambia Msellem.

Msellem alisoma: "Kanuni za dadu zimechukuliwa katika kijitabu chenye leseni huria. Jina la mtungaji wake ni hili hapa."

"Umeona? Kwenye nakala yako ukurasa huu uko wapi?"

"Niliutoa," Msellem alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa na majina ya watu."

"Ndiyo maana ulihitajika! Sikiliza, mwanangu. Wazo la kusimulia na kurusha dadu halina mwenyewe. Kila mtu anaruhusiwa. Lakini maneno yaliyoandikwa, michoro na wahusika kama Bi Kiroboto vina mwenyewe, tangu siku alipoviandika. Haki hiyo ndiyo hakimiliki. Mtu mwengine akitaka kuvitumia, aombe leseni."

"Leseni kama ya gari?"

"Hii ni ruhusa ya mwenye kazi. Iandikwe: nani atatumia, atatumia nini, wapi, mpaka lini, na jina la nani litajwe. Yule wa mtandaoni alimruhusu kila mtu, kwa sharti moja: mnitaje. Mwanapili amemtaja. Wewe umemfuta yeye na Mwanapili pamoja."

Mwanapili alikuwa na machozi. "Ungeniomba, ningekupa. Miaka yote nilikuwa nikicheka vichekesho vyako. Mimi kilichonishinda ni kuchekesha."

Hapo Msellem alizikusanya karatasi zake zote. Aliichana nakala yake. Kisha akaomba, kwa adabu safari hii.

Waliandikiana karatasi palepale. Msellem aliruhusiwa kusimulia Fahali wa Gando katika skuli za Chake Chake kwa mwaka mmoja. Asiuuze. Amtaje Mwanapili kila mara. Na akitunga kisa kipya cha kuongeza, maneno ya kisa hicho yatakuwa yake, na Mwanapili naye akikitaka atamwomba. Wote wawili walitia saini. Bi Mwatum alikuwa shahidi.

Miezi mitatu baadaye vitabu vilifika. Juu ya jalada paliandikwa Mwanapili. Ndani, kwa ruhusa ya maandishi, kilikuwamo kisa cha Msellem: fahali anajificha ndani ya nyumba ya harusi, na wageni wanamdhania shangazi. Maktaba nzima ilicheka. Bi Tatu alicheka kuliko wote. "Huyo mwanangu!" alisema, na Msellem akajisikia mrefu tena.

Naye ndiye aliyekuwa msimulizi siku hiyo. Kabla ya kurusha dadu, aliwausia wanafunzi waliokusanyika.

"Mimi nilikosea, lakini nilikwenda mwenyewe kwa Bi Mwatum kuungama. Kwa hiari yangu! Na ukurasa wa kumi na mbili, mpaka leo naona waliula kuku."

"Yakhe Msellem!" Duni wa fotokopi alisimama mlangoni, karatasi mkononi. "Nakutafuta miezi mitatu, ukiniona wavuka barabara. Chukua karatasi yako. Uliiacha juu ya kioo haijanakiliwa, siku ile uliponihimiza: 'Fanya haraka, Duni, mwenyewe anaanua karafuu!'"

Mwanapili alinyoosha mkono, akaupokea ukurasa wake wa kumi na mbili. Kisha akamsukumia msimulizi dadu.