Mahali pa Mwenzako

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja juu ya mapaa wakati Miguu Mitatu anapandisha vifaa kwenye ngazi za kiwanda cha sabuni, kilichofungwa miaka ishirini iliyopita. Jina hilo walimpachika studio, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kubeba stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Miaka mitatu ameibeba, mpaka bega limeota sugu.

Mwalimu wake alikuwa bingwa wa kupiga picha majengo yaliyotelekezwa. Picha zilizompa sifa zilikuwa na kitu kimoja: mwanamke amesimama mbali, mlangoni, mdogo kama kidole, ili mtazamaji ajue ukumbi ulivyo mkubwa. Huyo alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Mwalimu hakumtaja jina hata siku moja. Alimwita "mwenzako" tu.

"Mwenzako alikuwa hapepesi hata macho."

"Mwenzako hakuwa na haraka kama wewe."

Mwenzako, mwenzako, kutwa mwenzako! Miguu Mitatu hakuwahi kumtia machoni, maana aliambiwa mwanamke huyo aliacha kazi zamani, lakini alimchukia kama mtu aliyemnyang'anya tonge mdomoni.

Na leo asubuhi alipata sababu. Kwenye kamba ya kukaushia alikuta picha ya ukumbi wa kiwanda hikihiki. Wiki iliyopita walikuja hapa yeye na Mwalimu, wawili tu. Lakini kwenye picha, mlangoni, kasimama yule mwanamke.

Kumbe alirudi naye! Kisirisiri! Wivu ulimkaba mpaka chai ikamshinda.

Sasa walikuwa ukumbini. Mapipa yenye kutu, madirisha yasiyo na vioo, na kule mwisho mlango mtupu wa kuingilia ghala. Mwalimu akafunga kamera kwenye stendi.

"Leo nasimama mimi," Miguu Mitatu akasema.

Mwalimu hakugeuka. "Pale hapana nafasi, mwanangu."

"Hapana nafasi vipi? Mlango si huo, mtupu!"

"Tupige, twende zetu."

"Yeye unamleta kwa siri, mimi ni wa kubeba mizigo tu? Naweza kusimama vizuri kuliko yeye, Mwalimu. Nijaribu!"

Mzee akageuka, akamtazama.

"Umesema mwenyewe," akanong'ona. "Sikukulazimisha."

"Nimesema mwenyewe."

Akaenda kusimama mlangoni, ghala lenye giza likiwa mgongoni kwake. Kanuni aliijua. Lenzi hukaa wazi dakika nzima. Anayepita mbele yake haonekani, anayetulia ndiye anayebaki. Kamera hulia mara mbili, ikifunguka na ikifungika. Husogei mpaka usikie mlio wa pili.

"Usitikisike."

Kach!

Moja… mbili… tatu… Moyo wake ulikuwa unacheka. Yuko wapi sasa huyo mwenzako?

Kumi na tano… Harufu ikamjia. Sabuni. Sabuni mbichi, kama inayochemka sasa hivi.

Thelathini… Pumzi ya baridi ikamgusa shingo. Ni upepo, akajiambia. Akajiliwaza kwa kuikumbuka ile picha ya asubuhi, ambayo leo ingepata mpinzani. Mapipa. Madirisha. Kwenye dirisha la kushoto, chupa ya chai yenye kifuniko chekundu…

Chupa yake.

Chupa ile ilimponyoka wiki iliyopita, siku ileile, wakati wa kutoka, ikapasukia ngazini. Vipande vyake amevikanyaga sasa hivi akipanda. Basi Mwalimu hakurudi na mtu. Picha ilipigwa siku ileile, Miguu Mitatu mwenyewe akiwa kando ya kamera, anautazama mlango huu.

Na mlango ulikuwa mtupu.

Alitaka kukimbia. Mguu haukuinuka.

Alitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka.

"Asante, mdogo wangu," sauti ikanong'ona sikioni. "Nilichoka kusimama."

Mwanamke akampita ubavuni, akitembea kwa shida kama mwenye miguu iliyokufa ganzi. Mwalimu akamlaki huku analia. Akavua koti, akamvisha. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Hata hapo, Mungu amsamehe, kilichomuuma Miguu Mitatu kwanza hakikuwa hofu. Ni ule mkono. Yeye, kwa miaka mitatu, hakuwahi kushikwa hivyo.

Mwanamke akaitwaa stendi, kamera ikiwa juu yake vilevile, akaiweka begani. Wakatoka. Vipande vya chupa vikalia ngazini chini ya miguu ya watu wawili. Nje, milango miwili ya gari ikafungwa.

Hamsini na nane… hamsini na tisa…

Ukumbi ukaingia giza. Harufu ya sabuni ilikuwa kwake sasa, kwenye nywele, kwenye nguo.

Mlio wa pili hakuusikia. Mpaka leo anausubiri.