Aliyekaa Kwenye Njia ya Nyongo

Kinyesi cha mtoto kilikuwa cheupe kama chokaa. Mama yake, fundi cherehani aliyezoea kutofautisha rangi, alikunja nepi akaiweka kando. Mtoto alikuwa na wiki saba, na macho yake bado yalikuwa ya manjano. Mama mkwe alishasema manjano huisha kwa jua la asubuhi.

Mchana ule, akiwa kwenye cherehani, alisikia kitu kikifyonza chumbani. Akadhani mtoto ananyonya kidole. Alipochungulia, mtoto alikuwa amelala, mikono pembeni, na kando yake godoro lilikuwa limebonyea kana kwamba ameketi mtu mzima, na chumba kizima kilinuka kutu, na kule kufyonza hakukukoma mpaka alipomnyakua mwanawe akatoka mbio bila viatu.

Mama mkwe akawapeleka kwa mganga. Mganga alimpapasa mtoto tumbo, akaligusa ini gumu chini ya mbavu, akauliza habari za choo. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Jini yupo, sikufichi. Lakini humu kuna njia imeziba, mwanangu, na hiyo si kazi yangu. Mpeleke hospitali leo. Usingoje kesho."

Hospitali walimpima mtoto damu, wakampiga picha ya tumbo. Daktari mpasuaji alimweleza mama taratibu kwamba njia ya kutoa nyongo kwenye ini ilikuwa nyembamba tangu kuzaliwa, na sasa imeziba. Nyongo inarudi na kulichoma ini. Wangechukua kipande cha utumbo na kukiunga na ini, na wasichelewe, maana mtoto akipita miezi miwili matumaini hupungua.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa, mama alibaki peke yake kwenye benchi, na kule kufyonza kukaanza nyuma ya shingo yake, polepole, kama kwa mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua chakula hakiendi popote, na harufu ya kutu ikamjaa puani hata dua zikampotea.

"Mwache," alinong'ona. "Kama ni njaa, unile mimi."

Kukawa kimya.

Siku ya nne baada ya upasuaji nepi ilitoka ya kijani, rangi ya nyongo. Daktari alicheka kama aliyezaa yeye, ingawa alionya kwamba ini litafuatiliwa kwa miaka. Mama mkwe alilia, kisha akammiminia mke wa mwanawe chai yenye sukari tele.

Ilikuwa chungu kama shubiri. Akameza. Na ndani yake, chini ya mbavu, akasikia mwingine akimeza.