Mama Asiyetaka Kulala

Kila aliporudi kutoka shule, Kiziwanda alivua viatu mlangoni na kuingia chumbani kwa kunyata. Mama yake alikuwa amelala. Jana alilala, juzi alilala. Kiziwanda alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama, akitamani kusikia sauti yake.

Zamani mama alikuwa msusi, hodari wa maneno kama alivyokuwa hodari wa mikono. Wateja walisukwa huku wakicheka mpaka machozi. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Misuli ya mkono na mguu ikakaza, vidole vikajikunja ngumi. Daktari alimpa vidonge vya kulegeza misuli, na kweli vilimsaidia. Shida ni kwamba vilimletea usingizi mzito.

Alasiri moja Kiziwanda alimkuta mama ameketi, macho maangavu.

"Karibu, kitinda mimba wangu! Hebu niambie, yule mwalimu wenu wa hesabu bado ananguruma?"

Walipiga soga mpaka jua likazama. Waliposikia hatua za baba, fundi viatu, mama alinong'ona, "Leo sikumeza dawa, na kesho simezi. Usimwambie baba yako. Nimechoka kulala wakati nyinyi mnaishi."

Kiziwanda akaenda kumpokea baba mzigo. Angemwambiaje baba, naye ndiyo kwanza amempata mama yake?

Lakini baada ya siku chache, mguu wa mama ulianza kurukaruka wenyewe. Jasho lilimtoka, naye akauma meno akisema si kitu. Kiziwanda alipojaribu kumwosha kiganja, aliona kucha zimezama kwenye nyama na damu inachuruzika.

Alitoka mbio hadi kibandani kwa baba. "Baba, mama ameacha dawa! Nilijua, sikusema!"

Baba aliacha kiatu na sindano ndani yake. Walipompeleka mama hospitali, aligeuza uso, hakutaka kumtazama binti yake. Kiziwanda alilia kimya njia nzima.

"Kwa nini hukuniambia dawa inakulaza?" daktari alimuuliza mama.

"Niliona haya, daktari. Nilidhani utaniona mkaidi."

"Dawa hii haiachwi ghafla, mama. Mwili uliokwisha kuizoea hukaza kuliko mwanzo, hata kifafa kinaweza kukupata. Ungesema, ningekupunguzia kidogo kidogo."

Mama alilazwa mpaka mwili ulipotulia. Daktari alimpunguzia dawa ya mchana, akamwachia nyingi kidogo ya wakati wa kulala, na kuwafundisha Kiziwanda na baba kumnyoosha vidole bila kumuumiza.

Nyumbani, zipo alasiri ambazo mama bado husinzia, na Kiziwanda hubaki akimsubiri. Zipo pia ambazo huwa macho. Katika mojawapo, Kiziwanda akiwa anamnyoosha kidole gumba polepole, mama alisema:

"Nilikukasirikia, mwanangu."

"Najua, mama. Mimi pia nilitaka uwe macho."

"Ndiyo maana nilikosea kukutwisha siri ile. Dawa ikimsumbua mtu, haiachi kimyakimya, anamweleza daktari. Na mtoto akiona siri inamuumiza mtu, anaisema, hata kama mwenyewe atanuna." Akatabasamu. "Mimi nilinuna, lakini nipo."

Kiziwanda akalaza kiganja chake juu ya kile cha mama, kilichofunguka.