Si Jembe, Si Nyumba

Siku wagombea wawili wa ubunge walipopanda jukwaa moja pale Mnazi Mmoja, mwaka sabini na tano, watu walijaa hata barabara ikafungwa. Mauza binti Humoud alibanwa katikati ya umati, baibui limefunguka kidogo na gauni la njano linachungulia, amemshika mkono shangazi yake Saadiya. Mgombea mwenye alama ya jembe alisifu kilimo. Mgombea mwenye alama ya nyumba naye akasifu kilimo.

"Shangazi, na kama humtaki yeyote?" Mauza aliuliza. "Rais tunampigia ndiyo au hapana. Hawa mbona hawana hapana?"

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu, suruali yake ya bugaluu inafagia vumbi, shati limembana utadhani la kuazima.

"Dada, sauti chini," alinong'ona. "Ila swali nimelipenda. Na mwenye swali pia."

"Hata uso hujamwona."

"Sauti inatosha. Mimi kazi yangu sauti, niko mitambo ya simu."

Huyo ndiye Kitwana, mtu wa Kilwa, na hakuchelewa kuulizia yule ni binti wa nani. Wiki ileile simu ya duka la Mzee Humoud, Mtaa wa Msimbazi, ikaingiwa na ubovu wa ajabu. Akipokea mzee, Kitwana husema, "Hapa mitamboni, tunajaribu laini." Akipokea Mauza, laini hujaribiwa nusu saa nzima.

"Leo umevaa nini, laazizi?"

"Gunia."

"Basi hilo gunia lina bahati."

Mauza alikuwa akiishi kwa simu hizo, maana zaidi ya duka na chumba chake hakuwa na pa kwenda.

Mzee Humoud alijiona mtu wa kisasa. Alimwita bintiye akamwambia, "Wamekuposa wawili. Mbaruku mwenye shamba Kisarawe, na Hamud, mtoto wa ndugu yangu, mwenye nyumba Ilala. Wenzako hupewa mmoja. Mimi nakupa uchague."

Mbaruku alikuwa na wake wawili tayari. Hamud hakuwa na mke, kwa sababu aliyekuwa naye alikimbia kipigo. Mauza alimsimulia Kitwana huku analia.

"Jembe na nyumba," Kitwana alisema kwa uchungu. "Bado kukuchapia karatasi za kura tu. Vuta subira, mpenzi, natafuta wazee waje kukuposa."

Jumapili ya kura ikafika. Jioni simu ikalia, na Mzee Humoud amekaa palepale pembeni.

"Umeshachagua?" Kitwana aliuliza.

"Nimechagua nyumba," Mauza alijibu harakaharaka. Kutwa nzima mji mzima ulikuwa unaulizana hilo tu. Masikini, mwenzake hakuwa anauliza habari za bunge. Simu ikakatwa.

Tangu siku hiyo laini ikapona kabisa. Mauza alikuwa akiitazama simu asubuhi hadi jioni, na moyo unamuuma asijue kosa lake.

Ijumaa wajumbe wa Mbaruku na wa Hamud walikaa sebuleni. Saadiya akaingia chumbani.

"Baba yako atakuuliza kwenye pazia. Ukiona haya, nyamaza. Mwari akinyamaza amekubali, naye atamtaja Hamud."

"Na kama siwataki wote?"

"Nyumba hii hilo halijawahi kuulizwa."

Mauza alikuwa amenuia kunyamaza, kama mtu anayetumbukiza karatasi tupu sandukuni. Sasa akaona kwamba karatasi yake wangeijaza wengine. Aliogopa mno.

"Mauza," sauti ya baba ilisema nyuma ya pazia, "unamridhia yupi?"

Mauza alilishika pindo la pazia.

"Basi, amenyamaza..." baba alianza.

"Hamud simtaki," Mauza alisema. "Na Mbaruku simtaki."

"Unamtaka nani?"

Aliikumbuka simu isiyolia. "Sina mtu, baba. Lakini hawa siwataki."

Wageni hawakumaliza kahawa. Mzee Humoud hakufoka, na afadhali angefoka. "Kama umewakataa wote," alisema, "utakaa humuhumu ndani mpaka nitakapoamua mimi."

Habari ilizunguka Kariakoo kabla ya magharibi. Kitwana aliisikia kwa muuza kahawa. Kesho yake adhuhuri, mzee akiwa msikitini, alipiga simu, na Saadiya kwa huruma akamwita Mauza dukani.

"Si uliniambia nyumba?"

"Nilikuwa nasema kura ya mbunge, mjinga wewe." Alicheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe, muhibu. Toka sasa hivi, twende bomani tukafunge ndoa, sheria inaruhusu. Mimi au baba yako, chagua."

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Nje watu walikuwa wanapita wanakotaka, na miguu ya Mauza ilitamani kuwafuata.

"Na wewe unaniwekea wawili," alisema. "Hapana. Lete wazee."

"Atanikataa."

"Atakukataa. Utawaleta tena."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nakupenda, Kitwana, na humu ndani nakufa. Lakini sitaki kutoka kwa kutoroka."

Mlangoni pakaingia kivuli. Mzee Humoud alikuwa amerudi, kofia mkononi.

"Nani huyo?"

Saadiya alitaka kuinyakua simu. Mauza akamzuia.

"Anaitwa Kitwana, baba. Jana niliposema sina mtu, nilidhani ameniacha. Anataka kuleta wazee wake. Zungumza naye."

Akamnyooshea mkono wa simu. Mzee aliutazama tu, asiupokee. Mauza hakuushusha.