Aliyeketi Akisomewa

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa kumi na moja na nusu jioni, kiti cha marehemu mama kililia kama kinavyolia mtu anapokikalia. Binti alikuwa peke yake chumbani, akisoma kwa sauti. Hakushtuka. Tangu mazishi hakuna kilichomshtua. Aligeuza ukurasa, akaendelea.

Mama yake hakwenda shule, lakini kila jioni aliketi pale na kusema, "Haya, nieleze na mimi." Binti akieleza mpaka mama aelewe, somo lilikuwa limeingia. Ndivyo alivyopata nafasi katika chuo kigumu cha udaktari, kwa sharti moja: alama zake zisishuke kabla ya kuanza. Mama alipofariki, baba, fundi cherehani, alimwambia, "Usiache, mwanangu. Endelea kumsomea. Anakusikia." Alisema kwa mapenzi. Hakujua anamkaribisha nani.

Alama zikaanza kuteremka. Somo la figo alilolieleza jioni, asubuhi halikuwepo kichwani. Halikuchanganyika na jingine. Halikuwepo tu.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiwafundisha wenzako," mwalimu alimwambia kwa upole. "Umepatwa na nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Ukishuka tena, nafasi yako chuoni atapewa mwingine."

"Ndiyo, mwalimu." Alijibu kama anayeulizwa habari za jirani.

Nyumbani kaka yake alimtania. "Daktari, moyo uko upande gani? Usije ukautafuta kwenye goti langu." Kisha akaona dada yake anafikiri kweli, akaacha kucheka.

Binti akazidisha kusoma, na kwa sauti kubwa zaidi. Harufu ya udongo mbichi ikawa inajaa chumbani, dirisha na mlango vimefungwa. Siku moja, amechoka na vitabu, alikieleza kile kiti habari za mama mwenyewe: alivyocheka, uso wake alipotoka kuoga, wimbo aliouimba akifua. Kiti kililia, kikasogea karibu.

Kesho yake, baba akishona sebuleni na binti akimkatia nyuzi, walisikia sauti kutoka kile chumba ambacho hakikuwa na mtu, sauti ya marehemu kabisa, ikieleza kazi ya figo bila kukosea hata neno, kisha mishipa, kisha moyo, kisha ikaanza kuimba wimbo wa kufulia, ambao binti aliusikia kana kwamba ni mara ya kwanza, huku baba mguu umemganda kwenye kanyagio la cherehani na machozi yakidondokea suruali ya mteja.

"Baba," alinong'ona, "nani huyo?"

"Usiitike." Baba alimshika mkono. "Si mama yako. Huyo tumemwita wenyewe."

Shekhe aliletwa jioni ile ile. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza taratibu, "Ulimsomea nini, binti yangu?"

"Masomo yangu."

"Na nini tena?"

"Nilimweleza habari za mama."

Shekhe aliinamisha kichwa. "Atatoka, kwa idhini ya Mungu. Ila alichokichukua anaondoka nacho."

Alisoma aya mpaka sauti ikamkauka. Kitu kizito kikapita katikati yao, kikawasukuma mabega, kikatoka nje. Harufu ikakatika.

Vitabu binti alivisoma upya, midomo imefungwa. Alama zikapanda, chuo kikampokea. Asubuhi ya kuondoka, kaka yake alimsindikiza makaburini.

"Angekuwepo leo angecheka kile kicheko chake," kaka alisema. "Si unakikumbuka?"

"Alikuwa anachekaje?"

Kaka aligeuka kumtazama. Binti alimtafuta mama ndani yake, taratibu, kama anayepapasa gizani. Hapakuwa na uso. Hapakuwa na sauti. Alipiga magoti, akainua mikono.

"Ee Mola, Wewe usiyesahau. Aliyelala hapa ni mama yangu. Mimi simjui tena, Wewe unamjua. Msamehe makosa yake, mpanulie kaburi lake, umtie nuru, umlaze mahali pema. Amina."