Nilimpa Mchungaji Sauti ya Mume Wangu

"Shemeji... umemuua mara ya pili!"

Delmus alisema hivyo akiwa amesimama jikoni kwangu, hapa Memphis, kofia mkononi. Chai ya barafu niliyomtengea hakuigusa.

Ndugu zangu mnaonisoma, mimi ni mtu wa shule ya msingi tu. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Mume wangu Harlan alikuwa mpiga gitaa. Roki ya zamani ile ya kutikisa kiuno, imechanganywa na bluzi ya hapa kwetu mtoni. Mimi mtu wa kanisa. Miaka kumi na tisa namwambia, "Harlan, huo muziki ni wa shetani!"

Yeye anacheka.

"Mke wangu, shetani mwenyewe hajui kupiga hivi!"

Mwaka 1979 akamaliza albamu yake ya kwanza ya studio. Hakumwamini mtu nayo. Akabeba kanda zote nne, akaziweka chini ya kitanda chetu.

"Verdell, kaa usikilize. Hasa ule wimbo wa mwisho."

"Nina vyombo vya kuosha!"

Wiki ileile moyo ukamsimama, uani, akikaza tairi la gari.

Tulipokwisha kuzika, nikafagia nyumba. Mchungaji Ogle alikuwa akirekodi mahubiri ya redio, na kanda zilimwishia. Nikampelekea zile nne.

Kwa mikono yangu!

Na msinitetee. Nilijua zikirekodiwa upya, cha kwanza kinafutika. Ndicho nilichotaka.

Wiki sita baadaye ndipo akaja Delmus, mpiga ngoma wake, uso unang'aa.

"Shemeji, nimepata watu wa kuitoa albamu! Harlan atasikika nchi nzima. Kanda ziko wapi?"

"Nilimpa Mchungaji... arekodie mahubiri."

"Si ulibaki na nakala?"

"Nakala ipi, Delmus?"

Hapo ndipo akasema lile neno lake.

Tukakimbilia kanisani. Mchungaji akatuwekea kanda moja baada ya nyingine.

Mahubiri.

Mahubiri.

Mahubiri!

Ya nne, mahubiri yaliisha mapema. "Amina," ikasema spika.

Kimya...

Kisha gitaa! Mlio mmoja tu, wa kumalizia wimbo, unafifia. Halafu Harlan wangu, anahema, anacheka.

"Basi, Delmus. Tenzi hiyo ya kanisani nimempigia Verdell. Si anasema mimi wa shetani? Ngoja aisikie, hata yeye atanyanyua mguu!"

Kanda ikaisha. Ncha yake ikawa inapiga mashine, tap, tap, tap. Mchungaji akainamisha kichwa.

"Tenzi gani, Delmus?"

Akanigeukia.

"Ile unayoimba ukiosha vyombo, Shemeji. Alikuwa akisimama nyuma ya mlango anakusikiliza. Ndiko alikojifunza."

Jamani... nilikaa chini, sakafuni pale pale mbele ya madhabahu.

Mungu nimemwomba msamaha miaka yote hii, na naamini kanisamehe. Harlan sina pa kumwomba. Kipande kile cha sauti ninacho, nakisikiliza, na wimbo wenyewe haupo. Hautakuwepo.

Siku hizi naosha vyombo kimya.

Wewe unayenisoma, kama kuna mtu wako anakuambia "kaa usikilize"... hata kama hukipendi anachokipenda, acha vyombo.

Kaa.